Shimo Lisilokuwepo Vumbini

Katika nchi yetu hakuna ajali. Kuna tabia tu. Mtu akiteleza, ni mtelezaji. Mtoto akifeli mtihani katika darasa lisilo na mwalimu, ni mjinga wa kuzaliwa, na mwalimu hahusiki kwa kuwa hayupo. Hayo yamo katika Sheria ya Sababu, ambayo Bunge letu liliipitisha kwa shangwe, katika kikao kilichochelewa kuanza kutokana na msongamano wa magari ya wabunge.

Sheria yenyewe ni nyepesi, hata asiyesoma anaielewa. Raia akikosea, sababu imo ndani yake, nayo inaitwa tabia. Kiongozi akikosea, sababu iko nje yake, nayo inaitwa mazingira: joto, mvua, wasaidizi, maadui wa taifa, kiti kibovu. Kwa hiyo tuna Wizara ya Tabia inayoshughulikia raia, na Wizara ya Mazingira Magumu inayoshughulikia viongozi. Wizara zote mbili zina waziri mmoja, Mheshimiwa Gombera, aliyeteuliwa kwa kipaji chake cha kuona pande zote.

Nasimulia habari ya Siwema wa Vumbini kwa sababu watu wa miji mingine wanaisimulia vibaya. Wanamwita mchochezi. Mimi ni raia mtiifu, nilikuwepo, na nitaeleza yaliyotokea tu.

Vumbini ni mji mdogo wenye shule moja, zahanati moja na daraja moja la mbao. Shule na zahanati ziko upande wetu wa mto. Ng'ambo kuna mashamba, na barabara iendayo makao makuu. Katikati ya daraja palikuwa na shimo la kumeza mtu mzima. Tulipolalamika, wizara ilitujibu kwamba watu waliolelewa vizuri hutazama wanapokanyaga. Basi tukang'oa mlango wa ghala la pamba lililokufa zamani, tukaulaza juu ya shimo, tukaendelea na maisha. Watoto walipita hapo wakienda shule, wagonjwa walibebwa hapo kwa machela. Mlango ukawa sehemu ya daraja, hata tukasahau kwamba chini yake hakuna kitu.

Mume wa Siwema aliitwa Sudi, muuguzi wa zahanati. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mwendo wa kujivuta kiasi kwamba mkewe akimtuma chumvi, aliazima kwa jirani akamaliza kupika kabla Sudi hajarudi. Njiani angesimama kumtazama mtoto kidonda, kumuuliza bibi fulani kama anakunywa dawa, kucheka na mtu. Siwema aligombana naye kwa hilo kila siku, na sijawahi kuona ugomvi mtamu kama ule.

*

Siku aliyokufa Sudi, Mheshimiwa Gombera alikuja Vumbini kuzindua Wiki ya Kujilaumu. Daraja lilifungwa tangu asubuhi ili lisichoshwe na raia. Wanajeshi walifika na lori, wakafanya kazi yao darajani, wakatandika zulia jekundu kutoka ng'ambo mpaka kwetu. Msafara ukavuka. Waziri akapanda jukwaani, akatueleza kwamba umaskini huanzia moyoni, nasi tukapiga makofi kama watu waliokiri kwamba ulianzia mioyoni mwao. Alasiri msafara ukarudi ulikotoka, lori nyuma yake. Mara mvua kubwa ikanyesha. Maji ya mto yakapanda mpaka yakawa yanapita juu ya mbao za daraja.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasikika ng'ambo, ikiita kwa kilio. Alikuwa mume wa Mwanahawa, mwanamke mkulima wa huko. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika mkewe tangu asubuhi na mtoto hatoki. Sudi alitoka zahanati na mkoba wake kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, tulimwona anakimbia.

Alikimbia katikati ya daraja, pale ulipokuwa mlango wa ghala. Mlango haukuwepo. Maji ya tope yalikuwa yamefunika kila kitu. Tulimwona yupo, kisha hatukumwona tena. Tuliupata mkoba kwanza, kwenye matete. Mwili tuliupata kesho yake.

*

Mkaguzi wa Tabia, Bwana Lutengano, alifika siku ya msiba. Alivua viatu, akala wali sahani mbili, akanawa, akaomba kuonana na mjane. Alikuwa na sura ya huruma, maana wizara huwapa mafunzo.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa anatembea au anakimbia?"

"Alikuwa anakimbia," Siwema akasema.

"Basi tumemaliza."

"Hujamaliza. Niulize alikuwa anakimbilia wapi."

"Sheria hainiruhusu, mama. Nikianza kuuliza wapi, nitauliza kwa nini. Nikiuliza kwa nini, nitafika darajani, na nikifika darajani nitajikuta wizarani. Mimi nina familia."

"Kulikuwa na mwanamke anajifungua!"

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na huyo naye, akaona ajifungue siku ya mvua? Wananchi wetu hawana mipango."

"Na shimo?"

"Shimo gani?"

"Lililomuua mume wangu!"

"Mama, darajani hakuna shimo. Lingekuwepo, lingekuwa kosa la serikali, na serikali haikosei, hupatwa na mazingira. Nimepita pale leo, sikuona shimo. Nimeona mahali pasipo na mbao."

Akatangaza uamuzi mbele ya waombolezaji: marehemu Sudi ameuawa na haraka sugu ya kuzaliwa nayo. Na kwa kuwa tabia hurithiwa, watoto wake wawili, Nasra na mdogo wake Kombo, wasikanyage shule. Baada ya miezi mitatu gari la wizara lingekuja kuwachukua kuwapeleka Kambi ya Utulivu, ambako watoto wa watu wenye haraka hukalishwa kwenye mabenchi mpaka waache kutaka kitu chochote. Hapa Vumbini tulimjua mmoja aliyewahi kutoka huko. Alikuwa mtulivu kweli. Ukimwambia mvua inanyesha ingia ndani, anakutazama tu.

Mkaguzi alitoa na katazo: mtu yeyote asiweke mlango, ubao wala tawi pale darajani, kwa sababu kuziba shimo ni kukiri kwamba lipo.

Alipoondoka, majirani hawakunyamaza. Lakini hawakumsema mkaguzi. Mmoja alinong'ona kwamba, kwa kweli, siku hizi Sudi alikuwa na pupa. Mwingine akasema hata yeye aliiona ile haraka, ila iko kwa ndani. Mzee mmoja aliyetibiwa na Sudi kifua chake, akitibiwa taratibu miaka nenda rudi, alisema, "Kijana alikuwa hatulii," kisha akaomba chai. Watu waliokuwa wakivuka daraja lile kila siku walikaa kwenye mkeka wa mjane wakimchambua maiti. Ilikuwa rahisi kuliko kufikiri kwamba kesho ni zamu yao.

*

Siwema naye alikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Hakumlaumu waziri, maana waziri yuko mbali na picha yake hung'aa. Alimlaumu Mwanahawa. Alijiambia: mwanamke yule ni mbishi, uchungu ulianza asubuhi, kwa nini hakuvuka mapema akaja zahanati kama wenzake? Watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Wavivu, wanasubiri wafuatwe. Mwanahawa alipokuja kuhani, bado anavuja damu, mtoto aliyetoka mwishowe salama mgongoni, Siwema aliuficha mkono wake ndani ya kanga asimpe. Watu wote waliona.

Baada ya arobaini, Mwanahawa alirudi. Alivuka daraja kwa ubavu, ameshikilia ukingo, hatua kwa hatua, kama tulivyokuwa tukivuka sote tangu katazo lile. Alimkuta Siwema uani anapepeta mchele.

"Hodi, dada."

Ungo ukaendelea.

"Sikuja unipende," Mwanahawa akasema. "Nimekuja kwa sababu nimesikia watoto watachukuliwa. Kuna kitu nilikiona, na siku ya msiba hukuniachia nafasi."

"Ulikiona ukiwa wapi? Ulikuwa umelala nyumbani kwako unasubiri mume wangu aje afe."

"Nilikuwa darajani."

Ungo ukasimama.

"Nilikuwa darajani tangu asubuhi, dada. Nilikuja kwa miguu, uchungu unanipinda. Mwanajeshi akanizuia. Nikamwambia najifungua. Akaniambia mwanamke mwenye adabu hupanga mapema, nikae pembeni waziri apite. Nikakaa pale chini, kwenye majani. Nikaona walivyofanya. Waliuchukua ule mlango wenu wakautupa mtoni, wakasema unaharibu picha. Wakashusha mbao kwenye lori, mbao mpya, zimepakwa rangi, wakaziba shimo vizuri. Juu yake wakatandika zulia. Waziri akapita. Alasiri akarudi, akapita tena. Kisha wakakunja zulia, wakang'oa mbao zao, wakapakia."

"Wakang'oa?"

"Mmoja alisema, 'Mkuu, tukiacha wazi watu watatumbukia.' Mkuu akamjibu mbao ni mali ya serikali, zinatakiwa mji mwingine kesho." Mwanahawa akamweka vizuri mtoto mgongoni. "Nilitaka kupiga kelele niwaambie watu wa upande huu. Sauti haikutoka. Wapita njia walinibeba nyumbani nimezimia. Mume wangu alipokuja kuita, hakujua kitu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilikuwa nimezimia."

Siwema aliweka ungo chini. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mimi nilikuita mvivu. Kwa watu. Kwa majina mengine pia."

"Niliyasikia."

"Kwa nini hukunijibu?"

"Ningekujibu nini, umefiwa? Nilisema huyu si kwamba ni mkali. Amefiwa."

Hapo Siwema akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa hasira, kilio cha kupiga ardhi kwa kiganja, na mtoto wa Mwanahawa akaamka naye akalia, kisha mama yake, wakawa watatu.

*

Siwema akakata rufaa. Hakimu Kisanji aliletwa kutoka makao makuu, na mahakama ikakaa kwenye kivuli cha ofisi ya mji, karibu na daraja. Kesi ilikuwa saa tatu. Siwema alifika saa mbili na nusu. Hakimu alifika saa sita, amebebwa mgongoni na karani wake kupita ukingoni mwa daraja, akaeleza kwamba barabara ni mbovu, gari lilikwama, na kifungua kinywa kilikuwa kizito. Mahakama ikamsamehe kwa kuwa mahakama ilikuwa yeye.

"Mlalamikaji alifika saa ngapi?" akauliza.

"Nusu saa kabla ya wakati, Mheshimiwa," Bwana Lutengano akajibu.

"Kabla ya wakati! Haraka gani hiyo?"

"Ni ya ukoo, Mheshimiwa. Aliolewa nayo."

Mwanahawa akatoa ushahidi wake. Aliueleza wote: mlango, mbao, zulia, lori. Hakimu alisikiliza macho yamefumba, kisha akauliza kama shahidi ana kawaida ya kulalamika. Mwanahawa akasema hana, hii ndiyo mara ya kwanza. Hakimu akasema basi tabia hiyo ndiyo kwanza inaanza, na ni vizuri imegunduliwa mapema.

Siwema akasimama. "Mheshimiwa, siombi mengi. Hapa tulipo ni hatua chache mpaka darajani. Nenda ukalitazame shimo. Kama halipo, wachukueni wanangu."

Watu wakaguna kwa kukubali, na mguno wa watu wengi si kitu kizuri kwa hakimu aliyevushwa kwa mgongo. Bwana Lutengano akasema hakuna haja, kwa kuwa, kwa bahati njema, Mheshimiwa Waziri mwenyewe yuko njiani. Amesikia uvumi huu wa shimo na umemuumiza. Atavuka daraja kwa miguu mbele ya umma, ili ionekane kwamba mtu mwenye tabia njema huvuka popote.

Basi sote tukaenda ukingoni mwa mto. Ng'ambo magari yalikuwa yameshasimama. Wasaidizi wa waziri walikuwa wanatandika zulia jekundu. Nilimwona mmoja wao anamnong'oneza mwenzake, anaonyesha barabarani, anapangusa jasho. Baadaye ndipo tulipojua: lori la mbao lilikuwa mji mwingine, ambako Waziri wa Maji alikuwa anavuka, na hakuna msaidizi aliyethubutu kumwambia Mheshimiwa Gombera asubiri. Walitandika zulia juu ya shimo tupu, wakasogea nyuma.

Waziri akaanza kutembea. Alitembea katikati, kifua mbele, macho juu, kama mtu ambaye hajawahi kutazama anapokanyaga kwa sababu kuna wanaolipwa kumtazamia. Ngoma zikapigwa. Alipofika kati akainua mkono kutupungia, zulia likabonyea, na Mheshimiwa akazama mpaka kwapani.

Ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Mbao!" alipiga kelele. "Mbao zangu ziko wapi? Nani hakuweka mbao?"

Sijui kama umewahi kusikia umati mzima unaelewa jambo kwa pamoja. Hauna kelele. Ni kama pumzi inaingia na haitoki.

Miguu yake ilikuwa inaning'inia juu ya maji, zulia limemsokota mikono. Walinzi wakakanyaga daraja, mbao zikalia, wakarudi nyuma mmoja mmoja, kila mmoja akimpa mwenzake heshima ya kutangulia. Upande wetu tulisimama zaidi ya watu mia. Hakuna aliyejongea.

"Kwa nini mmesimama tu?" akalia waziri. "Fanyeni haraka!"

Siwema ndiye aliyemjibu. "Haraka, Mheshimiwa? Tumeambiwa ndiyo ugonjwa wetu. Tunajitahidi kujirekebisha."

Hakuna aliyecheka. Kama ungekuwepo ungeelewa kwamba haikuwa mzaha. Wale waliomchambua Sudi kwenye mkeka walikuwa wametazama chini. Yule mzee wa kifua alikuwa amevua kofia, anaifinyanga mikononi. Ubao mmoja ukapasuka chini ya waziri, akashuka kidogo zaidi, akatoa sauti ambayo sitaieleza kwa kuwa ni ya kiongozi.

Ndipo Siwema akakanyaga daraja. Mwanahawa akamkabidhi mtu mtoto, akamfuata. Walikwenda ukingoni, kwa ubavu, kisha wakalala kifudifudi. Siwema akafika mahali ambapo uso wake na uso wa waziri zilikaribiana kabisa. Mto ulikuwa unanguruma chini, lakini tulimsikia vizuri.

"Ulijua kuna shimo hapa?"

"Nivute, mama!"

"Siku ile uliyopita mara mbili. Ulijua?"

"Nilijua! Nilijua, kila mtu wizarani anajua! Nivute!"

Alimtazama kidogo. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule alimwona Sudi akilini, jinsi ambavyo angekuwa ameshamvuta kitambo, tena akimuuliza kama ameumia wapi. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko yote. Akamshika waziri ukosi, Mwanahawa akamshika mkono, wakamvuta kama magunia yanavyovutwa, suti ikapasuka, kiatu kimoja kikaenda na maji. Wakamburuta mpaka upande wetu, wakamwacha chini kwenye matope. Siwema akamgeukia hakimu.

"Umesikia mwenyewe. Sema sasa."

Hakimu Kisanji alimtazama waziri aliyekuwa anakohoa, akatutazama sisi, akahesabu, akasema kwa sauti ndogo kwamba mahakama imeridhika kuwa daraja lina shimo na kwamba marehemu Sudi aliuawa nalo. Watu wakapiga vigelegele. Wengine wakalia. Siwema hakupiga wala hakulia. Alikwenda akawaokota Nasra na Kombo kati ya watu, akawashika mkono mpaka nyumbani.

*

Hukumu ile iliishi siku mbili.

Siku ya tatu redio ya taifa ikatangaza kwamba imefutwa. Ilitolewa katika mazingira magumu, ikaeleza, hakimu akiwa na njaa na umati ukiwa karibu. Maneno ya Mheshimiwa Gombera nayo yalitokana na mazingira, maana mtu aliye shimoni husema chochote. Mahakama Kuu ilikubali kwamba shimo lipo, ila lilianza kuwepo dakika alipotumbukia Mheshimiwa. Mahali alipoanguka Sudi palikuwa ni papo hapo, lakini wakati huo hapakuwa shimo bado.

Kisha redio ikasoma sehemu ya pili ya Sheria ya Sababu, ambayo wengi hatukuwa tunaijua kwa kuwa inahusu mambo mema na Vumbini hayajawahi kuhitaji sheria. Sehemu hiyo husema kinyume cha ile ya kwanza. Kiongozi akifanya jema, limetoka ndani yake. Raia akifanya jema, limetoka nje. Kwa hiyo Mheshimiwa Gombera alitunukiwa nishani ya ushupavu kwa kuning'inia bila kukata tamaa. Ama wanawake wawili waliomvuta, tume ilichunguza ikaona walikuwa karibu tu, na daraja lilikuwa na mteremko.

Mwishoni ikasemwa, kama jambo dogo, kwamba gari la Kambi ya Utulivu litafika Vumbini asubuhi kuchukua watoto wawili.

Siwema alisikia yote akiwa amesimama mlangoni kwa jirani. Alitoka, akapita mtaani, akachukua shoka la kupasulia kuni. Watu walimwona anaelekea mtoni. Mzee wa kifua, yule aliyesema kijana hatulii, alikuwa wa kwanza kumfuata, na msumeno begani. Kisha fundi seremala. Kisha wanawake wa sokoni. Hakuna aliyehutubia. Walifanya kazi mchana kutwa, na mpaka jua linashuka daraja zima lilikuwa limebaki nguzo na vyuma. Mbao zote zilipangwa kwenye ua wa zahanati, zikafunikwa. Watu wa ng'ambo walisaidia kutoka upande wao, Mwanahawa akiwaongoza. Tulikubaliana hivi: akija mgonjwa, au mkulima na mzigo wake, mbao zinatandikwa anavuka, kisha zinaondolewa. Utaratibu huo tulijifunza serikalini.

Asubuhi gari la kambi likafika ng'ambo, jeupe, lenye madirisha ya nyavu. Bwana Lutengano akashuka, akatazama nguzo tupu na maji yaendayo kasi. Akafungua faili lake, akalifunga tena, maana mafunzo yake hayakufika hapo.

"Daraja liko wapi?" akapaza sauti.

"Daraja gani?" akamjibu mzee wa kifua.

"Nani amefanya hivi? Nataka majina! Huu ni uasi! Huu ni ushenzi wa asili!"

"Mazingira, bwana mkaguzi," Siwema akasema. "Yamekuwa magumu."

Mkaguzi alizunguka gari lake. Aliuliza kama tuna mtumbwi. Tukasema tunao, ila unavuja, na sisi kwa tabia hatujui kuogelea. Mpaka leo anakuja mara kwa mara, anasimama ng'ambo, anatusomea makosa yetu kwa kipaza sauti: ukaidi, uchochezi, ukosefu wa shukrani. Redio inasema Vumbini ni mji wenye roho mbaya tangu kuumbwa kwake. Watu wa miji mingine, wanaovuka madaraja yao yenye mashimo, wanaitikia kwamba kweli, watu wa Vumbini ndivyo walivyo.

Asubuhi ile ya gari, kengele ya shule ilikuwa imeshagonga. Siwema aliwapeleka watoto mwenyewe, sauti ya mkaguzi ikiwafuata kwa nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa na agizo la wizara mfukoni la kutowapokea. Alitazama upande wa mto, akasogea pembeni, mlango ukawa wazi. Kombo akaingia. Nasra, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kuelewa maneno ya watu, alisimama kizingitini.

"Mama. Baba alikuwa na haraka kweli?"

Siwema akampangusa vumbi kwenye ukosi wa shati.

"Siku ile, ndiyo," akasema. "Kulikuwa na mtu anamngoja."